Uga sumaku na upepo wa jua: ngao ipo, ila ina mlango

Kuna sentensi moja inazunguka sana mitandaoni kila zikiguswa habari za sayari: Dunia ina uga sumaku (eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka), uga sumaku ni ngao, ngao inazuia upepo wa jua, Mars ilipoteza ngao yake ndo maana ikakauka. Fupi, inakaa kichwani haraka, na kwa sehemu ni kweli. Shida ni kwamba ukiifuata mpaka mwisho inakwama Zuhura. Zuhura haina uga sumaku wake kabisa, iko karibu na jua kuliko sisi, upepo wa jua unaipiga miaka nenda miaka rudi, na bado mgandamizo wa hewa yake pale chini ni kama mara 92 ya wa kwetu. Kama ngao ndo kila kitu, hewa yote ile inafanya nini pale mpaka leo?

Jibu lipo, ila lazima kwanza tuone hivi vitu viwili vinafanyana nini vikikutana, maana hapo ndo watu wengi wanaruka hatua.

Tuanze na upepo wenyewe. Tabaka la nje la jua, korona, lina joto la nyuzi milioni 1 mpaka 2, na kwa joto hilo atomu haikai nzima, elektroni zinabanduka zinaenda kivyake na viini vinabaki kivyake, kwa hiyo unachopata sio gesi ya kawaida, ni plazima, kila chembe ina chaji ya umeme. Mwaka 1958 mwanafizikia Eugene Parker alipiga hesabu akasema korona yenye joto hilo haiwezi kutulia pale ilipo, itakuwa inamwagika kwenda nje muda wote, tena kwa spidi inayozidi ya sauti. Wakaguzi wa jarida wakalikataa andiko lake. Likatoka tu kwa sababu mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye naye wazo lenyewe hakulipenda, alilitafuta kosa kwenye hesabu akalikosa. Miaka 4 baadaye chombo cha Mariner 2 ikiwa njiani kwenda Zuhura ikaukuta upepo uleule, siku baada ya siku, haukatiki.

Ukifika huku kwetu unakimbia kilomita 400 hivi kwa sekunde, siku zingine 300, siku zingine 700 au 800, na unatumia siku 3 au 4 tangu utoke juani. Unasikia spidi hiyo unaogopa, ila angalia ulivyo mwepesi: kwenye sentimita moja ya ujazo kuna chembe 5 hivi tu, wakati hewa unayovuta sasa hivi kwenye nafasi hiyohiyo ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni 20. Msukumo wake wote ni kama nanopaskali 2. Hewa ya usawa wa bahari inasukuma kwa paskali laki moja, yaani mara trilioni 50 ya hapo. Kwa hiyo ile picha ya upepo unaopuliza hewa ya sayari ikapeperuka moja kwa moja, ifute. Haifanyi kazi hivo. Kama upepo wa jua unaiba hewa basi unaiba kwa ujanja wa umeme na sumaku, chembe moja moja, kwa miaka bilioni.

Kitu kingine, na hiki ndo ufunguo wa habari yote, upepo huu hauji mikono mitupu, unakuja na uga sumaku wa jua. Plazima inapitisha umeme vizuri sana kiasi kwamba uga uliomo ndani yake hauwezi kuponyoka, plazima ikienda na uga unaenda, plazima ikijikunja na uga unajikunja. Hannes Alfvén ndiye aliyeliweka wazo hilo mezani na kazi zake kwenye eneo hili zikampa Nobel mwaka 1970. Na kwa kuwa jua linajizungusha huku linatema, ile mistari ya sumaku (mistari ya kufikirika inayoonyesha uga unaelekea wapi) inajisokota, ikifika kwetu imelala kwa nyuzi 45 hivi kutoka kwenye mstari wa jua na Dunia. Nguvu yake ni ndogo, nanotesla 5 hivi (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku), wakati uga wa Dunia hapa juu ya ardhi ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000. Utasema basi hauna lolote. Subiri.

Upande wa Dunia mambo ni mafupi: kuanzia kina cha kilomita 2,900 kwenda chini kuna chuma kilichoyeyuka, kinachemka na kuzunguka, na mwendo huo wa kitu kinachopitisha umeme unazalisha uga sumaku na kuudumisha. Muhimu kwetu ni vile uga unavyopungua ukitoka nje. Ukienda mbali mara mbili kutoka katikati ya Dunia, unabaki moja ya nane.

Sasa vinakutana. Chukua protoni moja (kiini cha haidrojeni) inayokuja na upepo, inaingia kwenye uga wa Dunia. Uga sumaku haisukumi chembe kurudi nyuma, unaipindisha pembeni, muda wote unaipindisha pembeni, matokeo yake chembe inachora nusu duara na kujikuta inarudi ilikotoka. Elektroni nayo inafanya vilevile ila inapinda upande wa pili kwa sababu chaji yake ni kinyume. Protoni huku, elektroni kule, hapo tayari una mkondo wa umeme unaotembea kwenye mpaka mzima kati ya upepo na uga wa Dunia. Na mkondo wowote wa umeme unatengeneza uga wake. Huu wa mpakani unaufuta uga wa Dunia upande wa nje na kuuongezea nguvu upande wa ndani, ndo maana ukipita pale na chombo unaona badiliko la ghafla kabisa, huku wa Dunia, kule wa jua. Sydney Chapman na Vincenzo Ferraro waliyafikiria haya tangu miaka ya 1930, kabla hata hakijarushwa chombo chochote cha kwenda kupima, na kwa maoni yangu hiyo ni moja ya kazi safi kuliko zote kwenye fani hii.

Mpaka huo unakaa pale ambapo msukumo wa upepo na msukumo wa uga vinalingana. Kwa Dunia ni kama nusu kipenyo 10 kutoka katikati, kilomita 60,000 na kitu upande unaotazama jua. Na hapa kuna kitu kizuri kwenye hesabu: uga unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, msukumo wake unapungua kwa kipeo cha sita. Maana yake ukitaka kuusogeza mpaka uwe nusu ya umbali wake wa kawaida inabidi upepo uwe na msukumo mara 64. Upepo ukiongezeka mara mbili tu mpaka unasogea asilimia 11 basi. Ni kama mpira uliojaa upepo vizuri, unabonyea kidogo mwanzoni halafu kila unavyoongeza nguvu unazidi kukaza. Pamoja na ukaidi huo dhoruba kali sana za upepo wa jua zinaufikisha mpaka chini ya njia za setilaiti za mawasiliano zinazokaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na saa hizo setilaiti zinajikuta nje, uso kwa uso na upepo wa jua.

Mbele zaidi ya mpaka kuna kitu kingine, wimbi la mshtuko. Upepo unakuja kwa spidi kubwa kuliko mawimbi yanayoweza kusafiri ndani yake, kwa hiyo taarifa kwamba mbele kuna kizuizi haiwezi kurudi nyuma kumwambia mwenzie, wote wanafika kwa kasi ileile na ghafla wanakuta njia imeziba. Pale upepo unapunguza mwendo, unapata joto, unabanana, halafu unapita pembeni. Ajabu yake ni kwamba chembe zenyewe karibu hazigongani kabisa, ziko mbali mbali mno, protoni inaweza kutoka juani mpaka hapa bila kugongana sawasawa na mwenzake. Hewa ya kawaida inatengeneza mshtuko kwa molekuli kugongana. Hapa kazi yote inafanywa na nyuga za umeme na sumaku. Nyuma, upande wa usiku, upepo unauvuta uga wa Dunia ukawa mkia mrefu unaopita mbali kabisa na mwezi, na kila mwezi ukikaribia kuwa mpevu unaingia ndani ya mkia huo unakaa siku kadhaa halafu unatoka.

Mpaka hapa bado ngao imesimama vizuri, sivyo? Upepo unakuja, unapindishwa, unapita pembeni, kila mtu na njia yake. Ingekuwa hivo tu basi pasingekuwa na dhoruba za sumaku (uga wa Dunia kutikiswa vibaya) wala aurora za maana, ile mianga ya rangi inayoonekana angani usiku karibu na ncha za Dunia.

Mwaka 1961 James Dungey akasema hapana, kuna mlango. Kumbuka ule uga mdogo wa nanotesla 5 unaobebwa na upepo. Pale mbele kabisa, mpakani upande wa mchana, uga wa Dunia unaelekea kaskazini. Ikitokea uga uliokuja na upepo nao unaelekea kaskazini, vinakaa sambamba, hakuna fujo kubwa. Lakini ukielekea kusini vinakuwa vinatazamana kinyume, na nyuga mbili zinazopingana zikibanwa kwenye tabaka jembamba sana ile sheria ya plazima na uga kwenda pamoja inavunjika, mistari inakatika na kuunganishwa upya kwa mpangilio mwingine. Mstari uliokuwa wa Dunia ncha zote mbili sasa upande mmoja umeshika Dunia na upande wa pili umeshika upepo wa jua. Huo ndo mlango. Umefunguka.

Upepo haujasimama, unaendelea kwenda, na sasa umeshika mistari ya Dunia kwa hiyo unaiburuta, unaipitisha juu ya ncha za Dunia, ya kaskazini na ya kusini, unaenda kuirundika nyuma kwenye mkia. Mkia unajaa, unanenepa, unatunza nishati nyingi sana. Halafu kule nyuma nako mistari inayotazamana kinyume inabanwa, inakatika, inaungana tena, na ule upande wa Dunia unarudi kwa kishindo kama ulivyovutwa, na plazima yote iliyomo inarushwa kuelekea Dunia upande wa usiku. Kwa miaka mingi watu walibishana kuhusu ule ukataji wenyewe unatokeaje, maana unatokea kwenye eneo dogo sana na kwa haraka, mpaka NASA wakarusha MMS mwaka 2015, vyombo 4 vinavyoruka pamoja vikiwa karibu karibu, vikapita katikati ya eneo lenyewe na kupima elektroni zikifanya vitu vyake.

Sasa aurora. Utasoma sehemu nyingi kwamba ni chembe za jua zinaongozwa na uga zinaingia moja kwa moja kwenye ncha na kuwasha hewa. Kuna uwazi kweli karibu na kila ncha ambapo baadhi ya chembe zinapenya, ila aurora kubwa zile zinazopigwa picha usiku zinatoka upande wa pili kabisa, zinatoka mkiani. Ni elektroni zilizorushwa na ule mrejesho, halafu zikaongezewa kasi na nyuga za umeme kilomita elfu kadhaa juu ya ardhi, ndo zikashuka kugonga oksijeni na naitrojeni. Kijani ni oksijeni, kilomita 100 na kitu juu. Nyekundu pia ni oksijeni ila juu ya kilomita 200 huko, kwa sababu atomu ikipata nishati ya aina ile inahitaji karibu dakika 2 ya utulivu ndo itoe huo mwanga mwekundu, na chini hewa ni nzito, itagongwa na nyingine kabla dakika hazijatimia.

Kumbe basi mwelekeo wa uga unaobebwa na upepo, kaskazini au kusini, una maana kuliko hata spidi ya upepo wenyewe. Na hapo ndo watabiri wa hali ya anga za juu wanaumia kichwa. Jua likitema wingu kubwa la plazima wanaliona, wanakadiria spidi, wanaweza kusema litafika kesho kutwa mchana. Ila uga ndani ya lile wingu umeelekea wapi, mpaka leo hauonekani vizuri kwa mbali, mpaka wingu lifike kwenye vyombo vya doria vilivyo kilomita milioni 1.5 mbele yetu, kama ACE iliyorushwa 1997. Kwa upepo wa kawaida hiyo ni taarifa ya saa moja kabla. Kwa wingu linalokimbia ni dakika 15 au 20. Ndo maana mara kibao unasikia tahadhari kubwa halafu usiku unapita kimya, watu wanasema wanasayansi waongo, kumbe wingu lilikuja kweli ila uga wake umeelekea kaskazini, likagonga mlango haukufunguka.

Ukifunguka sawasawa unajua. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington aliona mlipuko juani kwa macho yake akiwa anachora madoa ya jua, na baada ya masaa 17 na nusu hivi wingu likafika, simu za telegrafu zikawa zinatoa cheche na mafundi wengine wakatuma ujumbe bila betri, kwa umeme ulioingia wenyewe kwenye nyaya. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec kule Canada ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi na watu milioni 6 wakakaa gizani masaa 9. Umeme huo haushuki kutoka angani, tuelewane: mikondo mikubwa inayotembea kule juu inabadilika haraka, inatikisa uga sumaku hapa chini, na uga unaobadilika unazalisha umeme kwenye kitu chochote kirefu kinachopitisha umeme, nyaya za gridi, mabomba, reli, na transfoma zilizotengenezwa kwa umeme wa kwenda na kurudi zinajikuta zimeingiziwa mkondo wa upande mmoja zikashindwa. Mei 2024 tulipata nyingine ya daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003, aurora zikaonekana mpaka Mexico na kaskazini ya India. Na hata dhoruba ya kawaida inauma: Februari 2022 SpaceX walirusha setilaiti 49 za Starlink, dhoruba ndogo tu ikapasha joto hewa ya juu ikavimba, karibu 40 zikakwama kwenye hewa hiyo nzito zikarudi kuungua.

Twende sayari nyingine, maana hapo ndo unaona Dunia ni mfano mmoja tu.

Utaridi ina uga, Mariner 10 iliugundua mwaka 1974, watu walishangaa kidogo kwa sababu sayari ni ndogo na inajizungusha polepole mno. Ila ni dhaifu, asilimia 1 hivi ya wa Dunia, na upepo wa kule ni mkali zaidi kwa sababu jua liko karibu, kwa hiyo mpaka unakaa juu ya ardhi kidogo tu, kama nusu ya nusu kipenyo cha sayari. Ule mzunguko wa kufungua mbele, kuburuta, kufunga nyuma, ambao kwa Dunia unachukua saa nzima au zaidi, kule unaisha kwa dakika chache. Na chombo cha MESSENGER kilichoizunguka kuanzia 2011 mpaka 2015 kilikuta kitovu cha uga kimesogea kaskazini karibu kilomita 480, maana yake kusini uga ni dhaifu zaidi, chembe za upepo zinafika mpaka kwenye mawe na kuyabandua atomu. Hiyo ni ngao yenye mlango wazi karibu muda wote.

Mshtarii ni kinyume chake. Nguvu ya sumaku yake nzima ni kama mara 20,000 ya Dunia, upepo ukifika kule umeshapungua mara 25 na zaidi, magnetosfia yake, yaani eneo lote linalotawaliwa na uga wake, inatanuka mpaka ingekuwa inaonekana kwa macho ungeiona angani kubwa kuliko mwezi mpevu, na mkia wake unafika mpaka njia ya Zohali. Lakini kinachonifurahisha mimi pale ni kwamba upepo wa jua sio bosi. Mwezi wake mmoja, Io, una volkano zinazomwaga kama tani moja ya vitu angani kila sekunde, vinapata chaji, uga wa sayari unavishika na kuvizungusha nao, mzunguko mmoja chini ya masaa 10. Nishati kubwa ya aurora za Mshtarii inatoka kwenye huo mzunguko. Upepo wa jua unachangia, ila kama mgeni.

Uranus nitaigusa tu, maana ni kichekesho: sayari yenyewe imelala ubavu, uga wake umeinama nyuzi 59 kutoka kwenye mhimili na kitovu chake kiko theluthi moja ya njia kutoka katikati, kwa hiyo mlango unaweza kufunguka na kufungwa kila siku kwa sababu tu sayari imegeuka. Karibu kila tunachojua kuhusu uga huo kinatoka kwenye mpito mmoja wa Voyager 2 mwezi Januari 1986, na mwaka 2024 watafiti waliorudia data zile wakaonyesha kwamba siku chache kabla ya mpito upepo wa jua ulikuwa umeibana ile magnetosfia vibaya sana, hali inayotokea chini ya asilimia 5 ya muda. Kwa hiyo baadhi ya vitu vilivyoandikwa vitabuni kama tabia ya Uranus vilikuwa tabia ya Uranus siku ya dhoruba.

Turudi kwa wasio na uga. Mwezi wetu ni rahisi, hauna uga unaouzunguka wote wala hewa, upepo unapiga mchanga moja kwa moja. Wale wa Apollo 11 walitandaza karatasi ya alumini pale kwa dakika 77, wakaikunja wakaileta, maabara zikakuta ndani yake heliamu na neoni zilizotoka juani.

Zuhura ina hewa, na hapo ndo pana utamu. Mionzi ya jua inabandua elektroni kwenye hewa ya juu, tabaka lile linakuwa linapitisha umeme, na uga unaobebwa na upepo ukifika unazalisha mikondo ndani yake, mikondo hiyo inatengeneza uga wa kuupinga. Mistari ya jua inajirundika mbele, inajifunga kuizunguka sayari, inatengeneza mkia nyuma. Yaani sayari bila sumaku yoyote imejitengenezea kizuizi kwa kutumia sumaku ya adui. Kina wimbi la mshtuko, kina mpaka, kila kitu, ila mpaka uko kilomita mia kadhaa tu juu ya ardhi badala ya makumi elfu. Mars nayo inafanya hivo, pamoja na nyongeza: chombo cha Mars Global Surveyor kilikuta mawe ya kusini bado yana sumaku ya kale, mabaki ya uga uliozimika miaka bilioni 4 hivi iliyopita, kwa hiyo kuna vipande vya ngao vimetapakaa huku na huku. Desemba 2022 upepo wa jua ulipungua ghafla pale Mars na kizuizi chote kikavimba kwa maelfu ya kilomita, MAVEN, chombo cha NASA kilichokuwa kinaizunguka Mars, ikiwa inatazama.

Haya, hewa inaibiwaje? MAVEN ilipima kwamba upepo unachukua gramu 100 hivi za ioni (atomu na molekuli zenye chaji) kutoka Mars kila sekunde, na dhoruba zikija zinaongezeka. Kwa kutazama argoni, gesi isiyochanganyika na chochote, watafiti wakaonyesha mwaka 2017 kwamba kama theluthi mbili ya argoni ya Mars ilishapotelea angani. Kwa hiyo Mars imeibiwa kweli, sibishi. Ila angalia njia zenyewe. Moja kubwa leo ni hii: ioni ya oksijeni yenye atomu mbili ikikutana na elektroni inavunjika, atomu mbili zinaruka kila moja upande wake kwa kasi, na kwa kuwa mvuto wa Mars ni mdogo, unahitaji kilomita 5 tu kwa sekunde kutoroka, zinaondoka moja kwa moja. Zuhura mchezo huohuo upo lakini kutoroka kunataka kilomita 10 na kitu kwa sekunde, atomu zinaruka na kuanguka tena. Sasa hizo atomu zinazoruka hazina chaji. Uga sumaku hauzioni. Ungeipa Mars sumaku kubwa kiasi gani zingeondoka tu, tatizo lake kubwa ni kuwa nyepesi.

Zuhura nayo isije ikaonekana haijapoteza kitu. Haidrojeni nzito kule ni zaidi ya mara 100 ya uwiano wa kwetu ukilinganisha na ile nyepesi, dalili kwamba maji mengi yalivunjika na haidrojeni nyepesi ikatoroka. Kilichobaki ni kabonidioksaidi, nzito, iliyoshikwa na mvuto karibu sawa na wetu.

Na Dunia? Dunia inavuja pia. Magnetosfia yetu ni pana, ukiikata pale katikati eneo lake ni kama mara 200 ya eneo la Dunia yenyewe, kwa hiyo inadaka upepo mwingi kuliko Dunia peke yake ingedaka, na kila mlango unapofunguka sehemu ya nishati hiyo inaelekezwa kwenye vieneo viwili vidogo karibu na ncha. Pale hewa ya juu inapashwa joto na ioni za oksijeni zinapanda kwa mistari iliyo wazi kwenda nje. Nyingine zinarudi kupitia mkiani, nyingine haziji tena. Mwaka 2018 Herbert Gunell na wenzake walizilinganisha Zuhura, Dunia na Mars wakaandika wazi kwamba kasi ya kupoteza hewa leo haipishani sana kati ya hizo tatu, na kwamba uga kwa baadhi ya hali unaweza hata kuongeza uvujaji badala ya kuupunguza. Wapo wanaopinga, wanasema jua la zamani lilikuwa kali zaidi na ngao ilikuwa na kazi kubwa zamani zile, na ni hoja nzuri. Ubishi haujaisha. Mimi naegemea kwa wanaosema mvuto ndo mlinzi mkuu wa hewa na uga ni suala la pili, ila nitabadilika data zikinibadilisha.

Swali linalofuata huwa ni lilelile: uga wa Dunia ukigeuka, kaskazini ya sumaku ikawa kusini, tutakufa? Mgeuko kamili wa mwisho ulikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita, na miaka 41,000 hivi iliyopita uga ulidhoofika vibaya kwa muda halafu ukarudi, watu wakiwepo. Hewa haikuondoka. Kinachotukinga na mionzi mingi ni hiyohiyo hewa, tani 10 juu ya kila mita moja ya mraba, na hiyo haitegemei sumaku. Wanaopata shida uga ukilegea ni walio juu, wanaanga na setilaiti. Na hilo halisubiri mgeuko, juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini uga tayari ni dhaifu kuliko sehemu nyingine, chembe za mionzi zinashuka chini zaidi pale, na darubini ya Hubble kila ikikatiza eneo hilo inasimamisha vipimo mpaka ivuke.